Unitoshe mu Ile Foto

Ninyi mnaopita mlangoni kwangu na simu zenu, mkininyooshea kisha mkiondoka bila hata "jambo", rudini. Ndiyo, ninyi. Mzee na kofia yake ya kufuma, amesimama mlangoni anatazama barabara: picha nzuri, najua. Ningekuwa kijana ningempiga mimi mwenyewe. Lakini ningesema hodi kwanza. Ingieni, kaeni popote. Sogezeni hilo debe la mchele, polepole, lina kamera ndani. Mimi sitakaa. Sijawahi kutulia mahali tangu nizaliwe, na sitaanza leo kwa sababu ya wageni.

Mnaniita Papa Tabora, na wengi wenu mnadhani ndilo jina nililopewa na wazazi. Tabora ni mji nilikozaliwa, huko Tanzania. Mtaani kwetu tuliitwa Wamanyema, kwa sababu babu wa babu yangu alitoka huku Manyema, Kongo, na misafara ya zamani, akabaki kule, akatuachia jina. Nikigombana na wenzangu waliniambia, "Rudi kwenu Manyema!" Basi siku moja nikarudi kweli. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, kamera shingoni, sanduku la bati kichwani. Nikavuka ziwa, nikapanda milima, Kabambare nikapita nusu kwa baiskeli na nusu kwa miguu, nikaingia Kasongo nina matope mpaka kwenye nyusi. Mtu wa kwanza niliyemsalimia alisikiliza salamu yangu, akacheka, akamwambia mwenzake, "Huyu ni Mutanzania."

Loo! Nilikasirika siku tatu. Kule Mmanyema, huku Mtanzania. Sasa mimi nilale wapi? Nikaapa nitakaa miezi mitatu tu, nitafute kaburi la baba wa huyo babu, nirudi zangu. Kaburi sikuliona. Sanduku ndilo hilo nyuma ya mlango. Mpaka leo sijanunua kabati, nguo nazitoa humo humo, na mke wangu ameshachoka kuniuliza kwa nini.

Kazi alinipa Papa Sefu, mpiga picha aliyekuwa na studio karibu na soko. Alikuwa mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mkali kama pilipili ya hapa. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa ndege, na nyuma yake chumba cha giza alichokijenga kwa udongo, kisichoingiza mwanga hata wa sindano. Alinifundisha mambo ambayo simu zenu haziyajui. Kamera ilale ndani ya mchele uliokaangwa, maana unyevu wa huku unaotesha kuvu kwenye kioo kama kwenye mkate. Filamu ioshwe kwa maji ya mvua yaliyolala kwenye mtungi. Na saa ya jua kali, usimpige mtu ukutani, uso utakuwa mweusi na macho hayataonekana. Msimamishe kando ya mihogo iliyoanikwa. Ule weupe wa chini unarudisha mwanga usoni taratibu, na hata bibi mwenye makunyanzi elfu anatoka kama bi harusi.

Kilichonishinda mwanzoni si kazi, ni maneno. Nilikuja nikijiona mwenye Kiswahili. Wiki ya kwanza mama mmoja mzee aliniambia, "Mutoto, nataka unipige sanamu." Nikaruka nyuma. Nikamwambia, "Astaghfirullah, mama, mimi ni Mwislamu, sanamu za nini?" Papa Sefu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwa wazee wa huku sanamu ni picha tu. Yule mama aliniangalia kwa huruma, akamuuliza Papa Sefu kama mgeni wake iko na akili nzuri.

Papa Sefu alipenda studio. Mimi studio ilinibana. Mtu akiingia pale anajikaza kama anayesubiri sindano, anashika ua la plastiki, basi. Barabarani ndiko watu walikokuwa hai! Nilitoroka kila asubuhi. Niliwapiga wasukuma baiskeli wenye mapipa ya mafuta ya mawese, washonaji kwenye baraza, wazee wanaotoka msikitini wakitafuta ndala zao, watoto wa shule ya misheni wakikimbia mvua na madaftari ndani ya mashati. "Miguu yako inapiga foto mbele ya macho," Papa Sefu alinigombeza. "Unapiga watu, unapita. Unawaomba?" Nikamjibu kwamba ukimwomba mtu anajikaza. Nililiona jibu la ustadi. Jibu la kijinga kabisa, na sasa nitawaambia lilimgharimu nani.

Sokoni, upande wa mafuta ya mawese, palikuwa na wauza karanga. Mkubwa wao aliitwa Mama Salima, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kando yake alikaa mtoto wa kaka yake, Feza, mwembamba, mgeni mjini kama mimi, daima na kitambaa cha njano kichwani na mtoto wa kike mgongoni aitwaye Riziki. Feza hakuwa mtu wa kucheka. Lakini asubuhi moja Mama Salima alisema neno, sikulisikia, na Feza akainua uso na kucheka kwa kinywa kizima, beseni la karanga mapajani, mihogo imeanikwa mbele yao, mwanga umempanda usoni. Nilibonyeza, nikapita.

Picha ile niliisafisha usiku huo na kuibandika kwenye ubao wetu wa mlangoni, ndogo, pamoja na nyingine. Kwenye karatasi niliweka katikati wenzake watatu. Feza nilimkata pembeni, nusu ya uso na nusu ya beseni. Kwenye filamu alikuwa mzima. Mimi ndiye niliyemkata.

Kesho yake akaja. Alisimama kizingitini, akatazama nyuma yake mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, nakuomba, unitoshe mu ile foto."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kwetu Tabora kutosha ni kuenea, ni kuwa kiasi. Nguo inakutosha. Chakula kinatosha. Nilisikia sentensi imepinda kidogo, nikajiambia ndivyo wanavyosema huku. Na maana ilikuwa wazi kabisa! Msichana ameona amekatwa nusu, anaona haya, anataka atoshe. Nani asingetaka?

"Usijali, dada," nikamwambia. "Nitafanya utoshe vizuri."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa. Wewe tu."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi, nakumbuka, na nikadhani ni haya.

Usiku ule nilifanya kazi kwa moyo wote. Nilichukua karatasi kubwa, ile ambayo Papa Sefu aliitunza kwa ajili ya harusi, nikawaondoa wenzake wote, nikamtoa Feza peke yake, kubwa, kuanzia kitambaa mpaka beseni. Kwa kweli ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga, na sijapiga nyingine kama ile. Asubuhi nikaishusha ile ndogo na kuibandika hii kubwa katikati ya ubao, mlangoni, mahali ambapo hata mlevi angeiona.

Siku ya pili akaingia mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, anataka picha za kitambulisho. Akiwa anatoka alisimama mbele ya ubao muda mrefu, kichwa upande.

"Huyu mama iko wa hapa?"

"Wa hapa hapa," nikasema kwa majivuno. "Anaitwa Feza. Anauza karanga sokoni, upande wa mawese."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kesho yake asubuhi akashika njia ya kurudi Salamabila. Mimi nikaendelea kupiga mluzi.

Siku ya tatu Feza akapita na beseni kichwani. Nilikuwa mlangoni nikisubiri anishukuru. Aliinua macho, akajiona, na beseni likaanguka. Karanga zikatapakaa mpaka barabarani, kuku wa jirani wakaja mbio. Hakuwafukuza.

"Nilikuomba unitoshe!" akapiga kelele. "Juu ya nini umenitia peke yangu?"

"Si umetosha?" nikasema. "Tazama, mpaka masikio!"

Papa Sefu akatoka chumba cha giza, mikono inadondoka maji. Akamtazama Feza, akautazama ubao, akanigeukia. "Tabora," akasema taratibu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kwenu kutosha ni nini?"

"Kuenea. Kuwa kiasi."

"Huku kutosha ni kuondoa. Alikuambia umuondoe."

Feza alikaa chini, katikati ya kuku, akatueleza. Mume wake alikuwa mchimbaji huko Salamabila. Alimvunja mkono mara mbili. Akaonyesha, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Mara ya pili Feza alimbeba Riziki mgongoni, akatoka kama anayekwenda kuteka maji, akatembea kwa miguu mpaka Wamaza, na kutoka Wamaza akaendelea siku nyingi mpaka kwa shangazi yake Kasongo. Mume aliapa mbele ya watu kwamba akimpata atamchukua mtoto, na mama atamwacha hawezi kutembea tena.

"Nani ameiona?" akaniuliza.

Nilitaka kudanganya. Neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia: mnunuzi wa dhahabu, wa Salamabila, na nimemwambia jina lako na mahali unapokaa.

Hakulia. Aliokota karanga moja, akaisafisha, akaiweka kwenye beseni. Kisha nyingine. Sijui kama mmewahi kumwona mtu anafanya hivyo. Mimi niliingia ndani nikachukua sanduku langu. Hilo hilo. Sikuhitaji kufunga chochote, na ndiyo aibu yenyewe: mtu wa kukimbia huwa ameshafungasha. Papa Sefu alisimama mlangoni akaunyoosha mkono mpaka ukutani. Alinifika kifuani tu, lakini sikupita.

"Weye njo ulimutia," akasema, njo yao ikiwa ndiye yetu. "Weye njo utamutosha."

Mama Salima akaletwa. Nilidhani atanipiga, na alinipiga kweli, kofi moja la bega ambalo nalisikia mvua ikikaribia. Kisha akaketi, akauliza Salamabila kwenda na kurudi ni siku ngapi. Tukahesabu: njia mbovu, mvua imeanza, siku saba, labda nane. Nikasema Feza akimbilie Kindu. Feza akanikatiza. "Nikimbie tena mpaka wapi? Kila mahali nitakuwa mugeni. Huku kuko shangazi yangu. Nimechoka."

Mimi mtu wa kuhama kila nikikaa, nilimwangalia yule msichana anayeomba tu aachwe akae, nikakosa pa kuweka uso.

Nikanyoosha mkono kuishusha ile picha. Mama Salima akanipiga mkono. "Acha! Ukiitosha, ubao utabaki na kitundu. Mutu akiona kitundu atauliza nani alikuwa pale." Akafikiri kidogo huku akitafuna karanga za Feza. "Sisi wauza karanga tuko wangapi? Usitoshe. Ongeza."

Nikaelewa. Vijana wangu, hiyo ndiyo siku niliyojifunza kazi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni, na kwa mara ya kwanza nilipiga hodi. Nikamwomba kila mmoja, jina kwa jina, nikamweleza kwa nini. Hakukataa hata mmoja. Wakakaa zamu mahali pale pale pa Feza, saa ile ile, mihogo ile ile mbele yao, na kitambaa kile kile cha njano kikapita kutoka kichwa hadi kichwa, na beseni lile lile kutoka mapaja hadi mapaja. Walijikaza? Walijikaza! Mpaka Mama Salima, aliyesimama nyuma yangu, aliposema lile neno lake. Sasa nililisikia, lilikuwa juu yangu, na sitalirudia mbele yenu. Wakacheka kwa kinywa kizima.

Halafu mvua ikaja, siku mbili mfululizo, na mihogo ikaingizwa ndani, na jua hakuna. Nilitembea kutoka studio hadi sokoni na kurudi mpaka mbwa wakaacha kunibwekea. Sikulala, sikula. Siku ya tano tangu mnunuzi ashike njia jua likatoka, tukamaliza wanawake wanne waliobaki. Papa Sefu akatoa karatasi zake zote za harusi, bila neno. Tukasafisha tukipeana zamu, taa imefungwa kitambaa chekundu, betri ya gari ikikaribia kufa.

Ikabaki filamu ya Feza. Nitawaambia ukweli: nilitaka kuificha. Niliizungushia karatasi, nikaisukuma ndani ya debe la mchele, hilo hilo mlilosogeza. Nikajiambia nani atafukua mchele? Nikageuka, Feza alikuwa amesimama nyuma yangu na Riziki mgongoni. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaitoa, nikaiweka juu ya makaa mbele yake, na juu yake ile picha kubwa na ile ndogo, maana kitundu ubaoni sasa kilikuwa na wa kukijaza. Ikajikunja, ikanuka vibaya, ikaisha. Nililia, msicheke. Nilimlilia yeye, lakini na picha pia.

Siku ya nane wakaja wawili, yule mnunuzi wa dhahabu na mtu mwingine mrefu, mtulivu, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilitegemea jitu. Alikuwa na sauti nzuri, na hiyo ikanitisha zaidi. Feza na Riziki tulikuwa tumewaingiza chumba cha giza, na Papa Sefu alikuwa humo pamoja nao.

Mnunuzi akanyoosha kidole kwenye ubao. Kidole kikabaki hewani. Wanawake kumi na mmoja wenye kitambaa kile kile na beseni lile lile walikuwa wanamcheka.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Ni... huyu." Akagusa mmoja. "Hapana, huyu."

Alikuwa amemgusa Mama Salima. Yule mrefu akatazama, kisha akamtazama mwenzake kwa namna ambayo sikuipenda. Akanigeukia mimi. "Natafuta bibi yangu."

Wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kwamba huku bibi ni mke. Kwetu bibi ni mama wa mzazi wako. Nilijua vizuri sana. Lakini siku ile nilikuwa Mtanzania kuliko siku zote za maisha yangu.

"Bibi yako!" nikasema kwa furaha. "Karibu, ndugu yangu, ungesema mapema! Ni huyu hapa." Nikampeleka kwa mikono miwili mpaka kwenye picha ya muuza karanga mzee kuliko wote, asiye na jino hata moja. "Mnafanana macho. Bado ana nguvu, alhamdulillahi. Babu hajambo?"

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote. Yule bwana akapiga ukuta. "Bibi! Mwanamuke wangu!"

"Aa, samahani, ndugu. Mimi mgeni. Kiswahili cha huku kinanishinda."

"Huyu ni Mutanzania, muhurumie tu," mtu akasema nyuma.

Hapo ndani ya chumba cha giza mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo tu. Yule bwana akapita pembeni yangu, akaushika mlango. Nilimwona ameushika. Miguu yangu, iliyokuwa inakwenda kila mahali maisha yake yote, ilikataa.

"Usifungue!" Papa Sefu akanguruma kutoka ndani. "Foto za harusi ya mutoto wa chefu ziko mu maji! Mwangaza ukiingia, weye njo utamueleza chefu!" Kisha akakohoa yeye, kikohozi cha mzee, kirefu, kibaya, kilichoanza chembamba kama cha mtoto na kuishia kinene. Hakuna mwigizaji aliyewahi kukohoa hivyo.

Chefu huku ndiye mtawala. Mkono ukauacha mlango.

Walizunguka sokoni mpaka alasiri. Kila aliyeulizwa kuhusu mwanamke wa picha alijibu, "Miye njo niko mu foto." Yule mume alipouliza Feza ni nani, wakamwonyesha Feza watatu, na wa nne alikuwa mwanamume mshonaji. Siku ya pili wakaondoka wakitukanana njia nzima. Hakurudi tena.

Mnajua kilichofuata, maana mmekulia ndani yake. Washonaji wakasema: mbona wauza karanga wako mlangoni, na sisi? Wakaja wasukuma baiskeli, wanyozi, walimu na chaki zao, shemasi wa misheni, mwadhini na buli lake la udhu. Nilipiga mji mzima ukifanya kazi zake, mtu kwa mtu, baada ya hodi. Papa Sefu alipofariki akaniachia studio, na nikaendelea kusema nitarudi Tabora mwakani. Nikaoa hapa. Filamu zikaisha, zikaja kamera za kadi, kisha ninyi na simu zenu. Kuta za nyumba nyingi za Kasongo zina kazi yangu, na sikuwahi kulala usiku mmoja bila kuwaza kwamba kesho nitaondoka.

Ila Feza sikumpiga. Kila nilipopita sokoni na kamera, hata akiwa amenipa mgongo tayari, aliugeuza zaidi. Ikawa desturi, kama salamu. Nina picha za soko zaidi ya nilizoweza kuzihesabu, na katika nyingi kuna mgongo mmoja wenye kitambaa cha njano na mtoto, kisha mgongo bila mtoto, kisha mgongo mnene wa mama mtu mzima. Uso, hakuna hata mmoja.

Mvua zilizopita alikuja. Mama Salima ameshatangulia, siku hizi Feza ndiye mkubwa wa wauza karanga. Alisimama pale pale kizingitini, lakini hakutazama nyuma.

"Amekufa," akasema. "Kule Salamabila. Wamenitumia habari."

Nikamwambia pole, kisha nikamuuliza kama ndilo neno.

"Sijui hata mimi," akasema. "Riziki amezaa, iko Kindu. Mutoto amekua, anauliza koko yake, mama ya mama yake, iko na sura gani. Sina hata foto moja." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Ulinitosha, Tabora. Sasa unitie."

Nilimwambia mimi nimestaafu. Jicho moja lina ukungu, na mikono, mnaiona, haiwezi hata kumimina chai. Nikamwambia aende kwa vijana wenye simu, kwa sekunde moja watamaliza. Akasema hapana. Basi nikafukua kamera kwenye mchele, nikatafuta mahali pa kuiegemeza isitikisike. Kigoda kilikuwa kifupi, meza ndefu. Nikaliburuta sanduku la bati kutoka nyuma ya mlango, nikalisimamisha wima, nikaweka kamera juu yake. Urefu ulikuwa sawasawa. Miaka yote hii nilidhani ni la safari.

Alikwenda akasimama kando ya mihogo ya jirani. Nikainama kwenye kioo, na nini naona? Mgongo. Amenipa mgongo, masikini, bila kujijua.

"Feza. Geuka."

"Nakuya," akasema, lakini hakugeuka. Nikangoja. Mimi, niliyekuwa nabonyeza na kupita, nilingoja mpaka magoti yakauma, na sikutaka kwenda popote.

Mwishowe nikasema tu ili kusema kitu, "Sogea kulia kidogo, mama. Hutoshi."

Akajibu, bado amenipa mgongo: "Tabora, chunga maneno yako." Na akaanza kucheka, kile kicheko cha kinywa kizima, na katikati ya kicheko akageuka.

Nikabonyeza mara moja tu.

Mnataka kuiona, najua, mmeshaanza kuangalia kuta. Haipo hapa. Nilimpa kadi yenyewe mkononi, sikubakiza kitu. Mkiitaka, nendeni sokoni, upande wa mawese, mkamwombe mwenyewe.